Mtungi mwekundu nyuma ya siti si wa kupendezesha gari

Kalamu hii imezoea habari za Simba na Yanga, nani kaumia goti, nani kagomea mkataba. Leo naomba nafasi ya rali. Kuna jambo linafanyika kila msimu kwenye magari yetu ya mashindano, linafanyika kwa nia njema kabisa kwenye gereji za nyuma ya nyumba, na siku likigoma hakuna mechi ya marudiano.

Nazungumzia mfumo wa kuzima moto unaofungwa ndani ya gari la rali. Siyo ule mtungi mdogo ambao trafiki anakuuliza akikusimamisha Kibaha au Chalinze. Huo wa mkononi kwenye rali upo pia, na ni lazima uwepo. Huu ninaousema ni mtungi uliofungwa kwenye bodi ya gari, ukatolewa mabomba membamba, mengine yakaenda kwenye injini na mengine yakabaki ndani, walipo dereva na msoma ramani. Moto ukitokea dereva anavuta mpini au anabonyeza kitufe, na povu au gesi inamwagika kote kwa mpigo. Nje ya gari, mara nyingi chini ya kioo cha mbele, kuna mpini au kitufe kingine kwa ajili ya mwokoaji. Ndiyo ile herufi E nyekundu ndani ya duara jeupe ambayo mashabiki wengi wanadhani ni kibandiko cha mdhamini.

Sina ugomvi na mtu anayeufunga mwenyewe. Ugomvi wangu ni na anayeufunga ili apite ukaguzi tu.

Kwanza tuwe wakweli kuhusu mifuko. Rali yetu haiendeshwi na kampuni kubwa zenye malori ya vipuri. Ukiwaondoa wachache wenye uwezo, waliobaki ni vijana wenye Subaru Impreza au Mitsubishi Lancer Evolution iliyopita mikononi mwa watu watatu kabla yao. Binamu ndiye fundi, shemeji ndiye anayeleta mafuta, na hela ya ada ya kuingia imechangwa kwenye kundi la WhatsApp. Mtungi wenyewe unaagizwa Ulaya. Kusafirisha mtungi wenye mgandamizo kwa ndege ni kasheshe, kwa sababu unahesabika kama mzigo wa hatari. Ukishafika na ushuru ukalipwa, nani ana hela ya kumlipa mtaalamu aje kuufunga? Na mtaalamu mwenyewe yuko wapi? Kwa hiyo jamaa wanafungua boksi, wanasoma karatasi ya maelekezo, wanashika drili.

Mimi naona hilo ni sawa. Tena nasema mtu atakayekaa kwenye ile siti ndiye anayefaa zaidi kushika ile spana. Fundi anafunga, anapokea chake, anaenda kuangalia mechi. Wewe ndiye utakayekuwa umening'inia kichwa chini kwenye mtaro, vumbi limejaa, unapapasa mpini kwa mkono wa kushoto. Ukiwa umeufunga kwa mikono yako, unajua uko wapi hata ukiwa umefumba macho.

Shida inaanzia kwenye namna ya kufunga. Nimezunguka kwenye maegesho ya mafundi siku za rali mara kadhaa, na mwandishi wa mpira ana faida moja huko: kwa kuwa hawakuogopi, wanakuonyesha kila kitu. Nimeona mtungi umeshikwa na skrubu za bati, zile za kufungia kibao cha namba. Nimeona bomba limekunjwa mpaka limebanika. Nimeona stika ya tarehe imekwanguliwa kwa kisu. Na nimeona gari ambalo mpini wa ndani ulikuwa upande wa msoma ramani tu. Dereva akiwa amefunga mikanda yake yote hawezi kuufikia hata umpe urefu wa mikono ya kipa. Magari hayo yote yalianza mbio.

Tuchukue hizo skrubu. FIA inataka vishikio vya mtungi vihimili mshtuko wa 25g. Kwa lugha ya mtaani, chukua mtungi wa kilo 6 uzidishe mara 25, unapata kilo 150. Huo ndio uzito ambao vishikio vinatakiwa kuubeba gari linapogota mti. Kilo 150 kwenye skrubu nne za bati! Mtungi ukichomoka hapo, haujashindwa kuzima moto tu, umegeuka kombora ndani ya chumba chenye watu wawili waliofungwa mikanda. Ndiyo maana kanuni zinadai angalau mikanda miwili ya chuma inayokazwa kwa skrubu, na vizuizi vya kuuzuia mtungi usichomoke kwenda mbele. Bolti zipite kwenye sehemu ngumu ya bodi, na chini ya sakafu kuwe na kipande cha bati nene ili nguvu isambae. Kazi ya saa moja. Kipande cha bati nene unakipata kwa mchomelea mageti yeyote.

La pili ni jinsi mtungi unavyolala. Mitungi mingi ya povu ina mrija ndani unaofyonza kutoka chini. Ukiulaza vibaya, mrija unabaki juu ya maji, kinachotoka ni hewa ya mgandamizo peke yake na povu linabaki ndani limetulia. Watengenezaji wanaandika kwenye lebo upande upi uwe juu. Sasa fundi wetu akiona lebo inaangalia chini, anauzungusha mtungi ili lebo ionekane vizuri kwenye picha za Instagram. Hapo mchezo umekwisha kabla ya filimbi.

Kisha mabomba. Hapa nilipewa somo na mzee mmoja wa Tanga ambaye ameanza kujenga magari ya rali kabla sijazaliwa, na sitamtaja kwa sababu hapendi magazeti. Alichukua bomba la aluminiamu akalikata kwa msumeno wa chuma, akaligonga kwenye kiganja changu. Zilidondoka chembechembe kama chumvi. "Hizo zote zinakwenda kwenye tundu la kunyunyizia," akasema, "na tundu lenyewe ni dogo kuliko ncha ya kalamu yako." Yeye hutumia kikatio cha duara, kile cha mafundi wa friji, kisha anakwangua mdomo wa bomba na kulipuliza kwa kompresa kabla ya kuliunganisha. Tundu la kwenye injini analielekeza pale mafuta yanapokutana na joto: reli ya petroli, tabo, maungio ya ekzosi. La ndani analielekeza miguuni na kifuani, kamwe siyo usoni, na kanuni za FIA zinasema hivyo hivyo kuhusu vichwa vya waliomo. Na haongezi matundu. Kuna vijana wanadhani matundu kumi ni bora kuliko yale yaliyokuja na mfumo. Mgandamizo ni ule ule, ukiugawa sana kila tundu linatema mate.

Kuna wengine wanakwepa gharama zote hizi kwa kuchukua mtungi wa poda wa dukani na kuuchomekea mabomba ya shaba. Bana, hapana. Poda ikiingia kwenye bomba jembamba inaganda. Na isipoganda ni balaa zaidi, maana inajaza chumba wingu jeupe, dereva haoni buckle ya mkanda wake na kila pumzi anayovuta inamkwama kooni. Unajiokoa na moto unajinyonga kwa vumbi.

Lakini jambo ambalo vijana wengi hawalihesabu kama sehemu ya mfumo wa moto ni lile bati linalotenganisha injini na chumba cha dereva. Gari la rali linavuliwa kila kitu: kiyoyozi, hita, redio, mazulia. Kila kinachovuliwa kinaacha tundu. Kwa macho ya dereva hayo ni matundu ya kupunguza uzito, kwa moto ni milango. Petroli ikishika kwenye injini, miali inapita hapo hapo inakuja magotini. Unaweza kuwa na mtungi mpya wa bei mbaya, ukazidiwa na tundu la bomba la hita ambalo lingezibwa kwa kipande cha bati na riveti nne. Ningekuwa mkaguzi, ningeanzia hapo. Ningezima taa za gereji, nikamulika tochi kwenye injini, nikaenda kukaa kwenye siti. Ukiona nyota, rudi nyumbani kazibe.

Na swichi kuu ya umeme. Mfumo ukimwagika huku injini inaunguruma, pampu ya mafuta inaendelea kuulisha moto na feni inaendelea kupeperusha povu. Swichi kuu lazima iue kila kitu, injini ikiwamo. Wapo wanaoifunga ikakata taa na honi, gari likaendelea kunguruma kwa umeme wa jenereta. Mfumo wa moto wenyewe, kama ni wa umeme, uwe na betri yake ndogo ya pembeni ili ufanye kazi hata umeme wa gari ukiwa umekufa. Kama ni wa kebo, kebo ipite kwa mkunjo mpana, isikunjwe kona kali kama ya kwenye baiskeli. Na jamani, ile pini ya usalama! Inawekwa gari likiwa gereji ili mtoto asivute mpini, inatolewa kabla ya kuanza mbio. Gari linaloanza mbio pini ikiwa ndani, au kiboksi cha umeme kikiwa kwenye alama ya kuzima, ni timu iliyoingia uwanjani kipa akiwa amefungwa mikono. Kazi hii apewe msoma ramani iwe mstari wa kwanza kwenye daftari lake, kabla ya kona ya kwanza.

Sasa mtu ataniuliza, mbona unatutisha, moto kwenye rali unatokea mara ngapi? Nitamjibu kwa mifano anayoweza kuitafuta mwenyewe. Novemba 2022 kwenye Rally Japan, Hyundai ya Dani Sordo ilishika moto kwenye hatua ya pili tu ya mashindano ikateketea ikabaki mifupa. Hiyo ni timu ya kiwanda, yenye kila kitu. Sordo na msoma ramani wake Cándido Carrera walitoka wazima. Mei 1986 kule Corsica, Henri Toivonen na Sergio Cresto hawakutoka. Lancia Delta S4 yao iliacha barabara ikawaka, na kifo chao ndicho kilichoyaua magari ya Kundi B. Mwaka 2016 kwenye rali ya Ureno gari la Hayden Paddon lilitoka barabarani, nyasi zikashika moto na gari likaungua lote. Nyasi, ndugu zangu. Nani hapa nchini hajui nyasi za Septemba zinavyokuwa?

Halafu kuna Novemba 29, 2020, Bahrain. Romain Grosjean aligonga kizuizi, gari lake la Haas likakatika vipande viwili, likalipuka. Alikaa kwenye moto sekunde zinazokaribia 28, akatoka mwenyewe na mikono iliyoungua. Watu wanaitaja kama muujiza. Mimi naitazama kama hesabu. Ovaroli ya dereva ya kiwango kipya cha FIA inapimwa kwa sekunde 12 hivi za kuzuia joto la moto kabla halijafika kwenye ngozi kiasi cha kuunguza. Gari la daktari lilikuwa nyuma yake kwa sababu kwenye mzunguko wa kwanza wa Formula One huwa linafuata. Daktari alifika moto ukiwa bado unawaka.

Kwenye rali yetu nani anakufuata? Gari linalofuata linaanza dakika moja au mbili nyuma yako, na kukiwa na vumbi zito zinaongezwa. Uko katikati ya mashamba ya mkonge au msitu wa miti ya mbao, wa karibu yako ni mchungaji mwenye fimbo na ng'ombe kumi na moja. Gari la zimamoto liko mwanzo wa hatua. Hapo ndipo ninapowashangaa wanaosema mambo haya ni ya Ulaya. Dereva wa Monaco ana wazima moto kila baada ya hatua chache. Anayehitaji mfumo unaofanya kazi kuliko mtu yeyote duniani ni huyu wa kwetu.

Mwaka 1973 pale Zandvoort, Uholanzi, Roger Williamson alinaswa chini ya gari lililopinduka likiwaka. David Purley, mshindani wake, alisimamisha gari lake, akavuka njia kwa miguu, akajaribu kulipindua kwa mikono. Akachukua mtungi akaumaliza wote. Wasimamizi waliokuwa karibu hawakuwa na nguo za kuhimili moto. Mbio ziliendelea, magari yakipita pembeni. Uingereza ilimpa Purley medali ya George kwa ushujaa, na picha zake akiondoka mikono mitupu ni ngumu kuzitazama hata leo. Mtungi mmoja na mtu jasiri havikutosha.

Huku kwetu kwenye soka tulijifunza kwa njia ngumu hiyo hiyo. Juni 26, 2003, Marc-Vivien Foé alianguka Lyon, nusu fainali ya Kombe la Mabara, Cameroon na Colombia. Hakuamka. Juni 12, 2021, Christian Eriksen alianguka Copenhagen, akashtuliwa moyo kwa mashine pale pale uwanjani, na baadaye akarudi kucheza Ligi Kuu England. Katikati ya tarehe hizo mbili dunia ya mpira ililazimishwa kukubali kwamba mashine ya moyo lazima iwepo, iwe na chaji, na awepo mtu anayejua kuitumia. Mashine iliyofungiwa kabatini ufunguo ukiwa kwa katibu haijawahi kumwamsha mchezaji.

Kwa hiyo ukaguzi. Siku ya ukaguzi wa magari mkaguzi anapita na karatasi: mtungi upo, tiki. Herufi E ipo, tiki. Ninachoomba waandaaji wafanye hakihitaji hata shilingi. Dereva akae, afunge mikanda, avae helmeti na glovu, afumbe macho, aguse mpini. Akikosa mara mbili, gari halianzi. Msoma ramani naye vivyo hivyo, kwa sababu atakayezimia siku ya ajali hachaguliwi kwa kura. Kiboksi cha umeme kibonyezwe alama ya kupima, taa ionekane. Geji ya mtungi isomwe. Tarehe isomwe kwa sauti, maana FIA inataka mtungi ukaguliwe ndani ya miaka miwili tangu ujazwe au ukaguliwe mara ya mwisho.

Najua hiyo miaka miwili ndiyo mwiba. Kurudisha mtungi Ulaya ukajazwe kunakaribia bei ya kununua mwingine, na ndiyo maana visu vinakwangua stika. Hapa simlaumu kijana peke yake. Klabu zetu zinajua magari mangapi yanashiriki na mitungi yao inaisha lini. Zikusanye mitungi yote, ziipeleke kwa meli kwenye kontena moja, gharama igawanywe. Tunachangishana harusi na misiba kila wiki, kamati zikaundwa na mweka hazina akapatikana, tutashindwaje mitungi ishirini au thelathini?

Na ile iliyokwisha muda, msiiuze kwa mwenzenu wa mkoani. Kuna matumizi yake mazuri zaidi. Peleka gari uwanjani, tandika magazeti kwenye siti na juu ya injini, hata ya kwetu haya, kaa nje, vuta mpini. Utaona povu limefika wapi na wapi halikufika, tundu gani limeziba, bomba gani limechomoka kwenye maungio. Kisha suuza mabomba, pulizia kompresa, osha gari lote kwa maji mengi maana lile povu linakula bati. Timu ngapi za hapa nchini zimewahi kuuona mfumo wao ukifanya kazi kwa macho? Nimekuwa nikiuliza swali hilo kila nikienda kwenye rali. Mpaka sasa nimepata jibu la ndiyo mara moja, kwa yule yule mzee wa Tanga.